Kadi ya Costco kwa familia ya watu sita: piga hesabu kabla ya kulipa ada

Swali: Tunaishi Columbus, Ohio, watu sita: mimi, mume wangu na watoto wanne, mdogo wao bado anavaa pampasi. Kila ninayekutana naye ananiambia nichukue kadi ya Costco, lile duka kubwa la jumla linalowauzia wanachama waliolipa ada ya mwaka. Mume wangu anasema kulipia ruhusa ya kuingia dukani ni upuuzi. Kweli kuna faida? Nikichukua, niichukue ya dola 65 au ya 130? Na wifi yangu, ambaye anakaa mtaa mwingine, anaweza kuitumia?

Jibu: Dada, mumeo ana hoja, ila hesabu yake ameiacha njiani. Katika maduka haya ada ndiyo biashara yenyewe. Costco wamejiwekea kikomo cha kupandisha bei: takriban asilimia 14 juu ya bei waliyonunulia kwa bidhaa za kampuni nyingine, na 15 kwa zile zenye jina lao la Kirkland Signature. Duka la kawaida huongeza zaidi ya hapo kwa vitu vingi. Baada ya kulipa wafanyakazi, umeme na usafiri, kinachobaki kwenye mchele au sabuni ni kidogo sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya faida ya kampuni hutoka kwenye ada za wanachama. Utaratibu huu ulianzishwa na Sol Price mwaka 1976 mjini San Diego, kwa duka lake la Price Club ndani ya banda la zamani la ndege, na mwanzoni wateja wake walikuwa wenye biashara ndogondogo. Costco ya kwanza ilifunguliwa Seattle mwaka 1983, mwaka uleule Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, alipoanzisha Sam's Club, duka la aina hiyohiyo, huko Oklahoma, na Price Club ikaungana na Costco mwaka 1993.

Maana yake kwako ni kwamba duka linataka urudi kulipa ada mwakani kuliko linavyotaka kukulalia kwenye bei ya kitu kimoja. Ndiyo sababu pia bidhaa zao ni chache, chini kidogo ya aina 4,000, wakati supamaketi kubwa huwa na makumi ya maelfu. Aina moja au mbili za kila kitu, pakiti kubwa, juu ya mbao zilezile zilizoshushwa kwenye lori. Ukienda kutafuta kila kilichomo kwenye orodha yako utarudi na nusu yake.

Kwa familia ya watu sita yenye mtoto wa pampasi, kadi ya dola 65 itajilipa, kwa masharti mawili. La kwanza, muwe na friza, au angalau nafasi ya kutosha kwenye ile ya juu ya friji. La pili, vitu vinne au vitano mnavyonunua kila mwezi viwe na bei ndogo huko kuliko pakiti kubwa ya kwingineko. Hilo neno "kubwa" ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tuanzie hapo.

Chukua mchele. Tuseme duka la karibu linauza mfuko wa paundi 5 kwa dola 4.50, yaani senti 90 kwa paundi. Costco mfuko wa paundi 25 ni dola 16, senti 64 kwa paundi. Unaokoa senti 26 kwa kila paundi, dola 6.50 kwa mfuko, na kama mnamaliza mfuko mmoja kwa mwezi hiyo ni dola 78 kwa mwaka. Ada imerudi kwa mchele peke yake! Sasa nenda kwenye duka la Wahindi au la Waasia, au hata Walmart, uangalie mfuko wa paundi 20. Tuseme ni dola 13.40. Hiyo ni senti 67 kwa paundi. Tofauti na Costco ni senti 3, na kwa paundi 300 za mwaka mzima unaokoa dola 9, basi. Bei hizi ni za mfano tu, weka za mtaani kwako, lakini mtindo ndio huo. Anayelinganisha mfuko mkubwa wa Costco na mfuko mdogo wa dukani anaisifu kadi kwa akiba ambayo angeipata popote panapouzwa mfuko mkubwa.

Kwa hiyo kabla hujalipa senti, chukua risiti zako za miezi miwili na uchague vitu kumi vinavyokula fedha nyingi zaidi. Kwa kila kimoja andika bei ya paundi, ya aunsi au ya kipande, siyo bei ya pakiti. Kumbuka paundi moja ni aunsi 16, karibu gramu 454, na galoni ni aunsi za ujazo 128, karibu lita 3.8. Kisha omba rafiki mwenye kadi akuchukue siku moja. Mwanachama anaruhusiwa kuingia na wageni wawili, ila anayelipa kaunta lazima awe yeye. Piga picha vibao vya bei vya vitu vyako kumi. Kila kibao kina bei mbili: ile kubwa ya pakiti, na pembeni kwa maandishi madogo bei ya kipimo. Soma hiyo ndogo, na uangalie kipimo chenyewe, kwa sababu kibao kimoja kinaweza kuhesabu kwa aunsi na cha duka lingine kwa kwati, yaani robo ya galoni. Karatasi za chooni na za jikoni ndizo zinazodanganya kuliko vyote. Usihesabu roli. Tafuta jumla ya futi za mraba iliyoandikwa kwenye plastiki, uigawanye bei kwa hiyo. Roli 30 nyembamba zinaweza kuwa na karatasi chache kuliko 24 nene.

Katika vitu vya nyumba kama yenu, vinavyoelekea kushinda ni pampasi na tishu za kumfutia mtoto, nyama na kuku, siagi, jibini, karanga, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, dawa za kawaida za maumivu na mzio, na betri. Mayai, maziwa na mkate hupanda na kushuka. Mahali penye Aldi, lile duka la vyakula vya bei nafuu, mara nyingi Aldi huwa sawa nao au hata chini, na hakudai ada. Mboga za majani na matunda laini ni mtego: bei ya paundi inavutia, lakini mfuko wa mchicha wa aunsi 16 ukioza nusu, bei yake halisi ni mara mbili ya ile uliyosoma kwenye kibao.

Vyakula vyetu vyenyewe usivitarajie huko. Unga wa sembe wa ugali ni vigumu kuupata, na usije ukachukua ule unga wa mahindi wa Kimeksiko ukidhani ni uleule. Mahindi yake huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, kwa hiyo ugali wake unanata na una harufu ya tortila. Sombe, mihogo, mawese, dagaa na samaki mzima wa kukaanga vibaki kwenye duka la Waafrika. Kondoo ni habari nyingine: paja na bega kutoka Australia huwa kwa bei nzuri, na mara nyingi lina alama ya halali. Itafute alama hiyo kwenye lebo yenyewe kama ni sharti kwenu.

Kuhusu pampasi, hesabu kwa kipande, na usijaze kabati. Mtoto hubadilisha saizi ghafla, na punguzo la leo halina maana kama boksi la pili halitamtosha mwezi ujao. Boksi ambalo halijafunguliwa unaweza kulirudisha, lakini hiyo ni safari nyingine.

Sasa friza, kwa sababu hapa ndipo akiba inapopatikana au kumwagika. Watu hununua paundi 40 za nyama Jumamosi, wanaisukuma yote ndani kwa mara moja, kisha wanashangaa nyama inatoa maji mengi na kuwa ngumu. Friza ya nyumbani inaweza kugandisha vizuri paundi 2 hadi 3 tu za chakula kipya kwa kila futi ya ujazo kwa saa 24. Friza ndogo ya futi 5 basi ni paundi 10 hadi 15 kwa siku. Ukizidisha, nyama huganda polepole, chembe kubwa za barafu zinajitengeneza ndani na kuchana nyuzi zake, na wakati huohuo vilivyokuwemo tangu zamani vinaanza kulainika. Gandisha sehemu leo, sehemu kesho, na ile ya kupikwa ndani ya siku moja au mbili iache kwenye friji.

Gawanya kabla ya kugandisha, kwa kiasi cha sufuria moja ya nyumba yako. Kwa watu sita paundi 2 hadi 2.5 za nyama kwa mchuzi zinatosha. Tumia mifuko ya friza, siyo mifuko ya kawaida ya sandwichi ambayo ni myembamba na hupitisha hewa. Bana hewa yote itoke, ilaze iwe bapa kama kitabu, andika jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika. Nyama iliyolazwa bapa huganda haraka, huyeyuka haraka, na hupangika vizuri. Mapaja ya kuku yasiyo na mfupa ya Kirkland huuzwa yakiwa kwenye vifuko sita vilivyoshikana. Unavikata kwa mkasi kwenye mstari na kugandisha hivyohivyo, ila viweke ndani ya mfuko mwingine, maana mara kwa mara kimoja huvuja. Friza iwe nyuzi 18 za selisiasi chini ya sifuri, na friji isizidi nyuzi 4 juu ya sifuri. Kwa ubora, nyama ya kusaga iishe ndani ya miezi 3 au 4, vipande vya kuku ndani ya miezi 9. Kuyeyusha ni kwenye friji usiku kucha, au kwenye maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa. Kaunta ya jiko siyo mahali pa kuyeyushia nyama, hata kama ndivyo tulivyolelewa wengi wetu.

Mchele na unga vina adui wao, dudu wa nafaka, na mara nyingi mayai yake huja tayari ndani ya mfuko kutoka dukani. Unga uweke kwenye friza siku nne nzima kabla ya kuuhifadhi, uache urudi kwenye joto la chumba ukiwa bado umefungwa ili usishike unyevu, ndipo uumimine. Mfuko wa paundi 25 wa mchele unaingia vizuri kwenye ndoo ya galoni 5 iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, yenye mfuniko unaobana. Mchele mweupe hukaa muda mrefu bila shida. Mchele wa rangi ya kahawia na unga wa ngano isiyokobolewa vina mafuta ndani yake, huchacha baada ya miezi michache, kwa hiyo pakiti kubwa ya hivyo si ya kila nyumba. Vivyo hivyo mafuta ya kupikia: nunua ndoo kubwa kama mnakaanga sana, na iweke mbali na jiko na dirisha. Joto na mwanga ndivyo vinavyoyaharibu.

Dola 65 au 130? Anza na ya 65. Ada hizo ndizo zilizopo tangu Septemba 2024. Ile ya 130, inayoitwa Executive, inakurudishia asilimia 2 ya manunuzi, hadi kikomo cha dola 1,250 kwa mwaka, kama hati ya kutumia dukani kwao. Tofauti ya ada ni dola 65, na ili asilimia 2 ifikie dola 65 lazima ununue vitu vya dola 3,250 kwa mwaka, takriban 271 kwa mwezi. Petroli haihesabiwi, wala chakula cha mgahawani, wala ada yenyewe. Familia ya watu sita inaweza kufika hapo, lakini subiri ukweli wa risiti zako za miezi mitatu, kisha upande daraja wakati wowote kwenye dawati la wanachama. Anayeanza na Executive huanza pia kununua "ili kufikisha", na huo ndio ugonjwa wenyewe. Kuna nyongeza nyingine, kama kuruhusiwa kuingia mapema asubuhi kabla ya wengine, ambayo kwa mwenye watoto wanne pengine ina thamani kuliko zile asilimia 2.

Ukiona kadi haikufai, Costco wanarudisha ada yote kwa mwanachama asiyeridhika. Hapa mumeo atatulia: hatari ya kujaribu ni ndogo. Na ukiiacha kadi imalize muda wake kisha ukailipia ndani ya miezi miwili, mwaka wako mpya unahesabiwa tangu tarehe ile ya zamani. Kuchelewesha wiki tatu hakukuongezei kitu.

Malipo yanawaaibisha wengi kaunta siku ya kwanza. Ndani ya maduka ya Costco Marekani, kadi ya mkopo inayokubaliwa ni Visa tu. Mastercard ya mkopo, American Express na Discover zinakataliwa. Kadi ya kawaida ya benki yenye namba ya siri hupita, fedha taslimu zinapita, na EBT, kadi ya msaada wa serikali, inapita kwa vyakula. Kama mnatumia SNAP, yaani msaada wa chakula wa serikali unaowekwa kwenye kadi hiyo, jua kwamba haiwezi kulipia ada ya uanachama, wala kuku wa kuchomwa akiwa moto, kwa sababu sheria ya SNAP haigusi chakula cha moto kilichokwisha kupikwa. Sam's Club hupokea kadi za aina zote kuu, na programu yao ya simu inakuwezesha kuskani bidhaa mwenyewe huku ukitembea na kulipa bila kupanga foleni. Kama Sam's Club iko dakika tano kutoka kwako na Costco dakika ishirini na tano, jibu langu lote linahamia Sam's Club. BJ's, duka jingine la wanachama lililoko zaidi majimbo ya mashariki, wana faida ya pekee: wanapokea kuponi za watengenezaji.

Umbali unaingia pia kwenye petroli. Petroli ya Costco mara nyingi ni nafuu kwa galoni. Tuseme tofauti ni senti 25 na tangi lako linaingiza galoni 14, umeokoa dola 3.50. Ukiendesha maili 9 kwenda na 9 kurudi kwa gari linalotembea maili 25 kwa galoni, umechoma zaidi ya dola 2, na bado hujahesabu foleni ya pampu. Jaza siku unayoenda kununua. Usiende kwa ajili ya petroli peke yake.

Dukani kwenyewe, jihadhari na mpangilio. Njia hazina vibao vya kukuelekeza na bidhaa huhamahama kwa makusudi, ili upite kila mahali. Mlangoni unapokelewa na televisheni, huku maziwa, nyama na kuku wa dola 4.99 wakiwa mwisho kabisa wa jengo. Toroli lao ni kubwa kiasi kwamba vitu vya dola 100 vinaonekana kama si kitu. Nenda na orodha, umeshiba, na kama inawezekana katikati ya wiki. Ukiwa na njaa na watoto, hot dog ya dola 1.50, bei ambayo haijaguswa tangu 1985, itakugharimu kidogo kuliko vile vitakavyoingia kwenye toroli kwa sababu ya njaa.

Vibao vya bei vina lugha yao, ambayo duka halikutangazii lakini wanunuzi wazoefu wanaisoma. Bei inayoishia na .97 kwa kawaida ni ya kumaliza mzigo. Kinyota juu kulia kwa kawaida kinamaanisha bidhaa haitaagizwa tena kwa sasa. Ukikiona kwenye kitu mnachokitumia kila siku, hapo ndipo kuchukua mbili kuna maana. Tunza risiti siku 30, kwa sababu bei ikishuka ndani ya muda huo unaweza kuomba warudishe tofauti. Vitu vingi hurudishwa bila muda maalumu, isipokuwa televisheni, kompyuta, simu na friji na mashine kubwa za nyumbani, ambavyo vina siku 90. Kurudisha godoro baada ya miaka mingi kunawezekana, lakini anayefanya hivyo kila mara huishia kunyang'anywa kadi, na kwa haki.

Wifi yako sasa. Kadi moja inakuja na ya pili ya bure kwa mtu mmoja mwenye miaka 18 au zaidi anayeishi anwani ileile, na hiyo ni ya mumeo. Kadi ina picha, na mlangoni siku hizi inaskaniwa, kwa hiyo kumwazima wifi kutamtia aibu bure. Anazo njia nyingine. Anaweza kuingia nawe kama mgeni, wewe ukalipa, akakurudishia. Anaweza kutumia kadi ya zawadi ya Costco uliyomnunulia, ambayo inapokelewa hata kwa asiye mwanachama. Dawa za daktari kwenye famasia yao zinauzwa kwa yeyote, bila kadi, na kama ana dawa za kila mwezi aulizie bei huko hata kama hana mpango wa kujiunga.

Iliyo bora kwenu wawili ni kugawana. Mafuta, sabuni, boksi la kuku, vitunguu vya paundi 10: vinunuliwe kwa pamoja, vigawanywe jikoni kwako siku hiyohiyo kwa mizani, kila mtu alipe kwa paundi aliyochukua. Mizani ya jikoni ya dola 15 inaondoa maneno. Kubalianeni orodha kabla ya kwenda, fedha zitumwe kabla ya kwenda, na vitu vya mtu visivyo kwenye orodha alipie mwenyewe. Vyama vidogo vya akina mama watatu au wanne huendesha utaratibu huu bila shida kwa vitu vikavu. Nyama huleta ugomvi, kwa sababu kila mmoja anataka kipande kilekile, kwa hiyo ama mnunue iliyokwisha kufungwa kwenye vifuko vilivyo sawa, ama kila nyumba ichukue boksi lake.